Nilivyomsimamishia baba dawa ya moyo

ILIKUWA saa tisa za usiku, mwezi wa Agosti 2022, niliposikia kiti kikiburutwa sebuleni. Niliamka nikidhani ni mwanangu aliyetoka kwenda kunywa maji. Kumbe ni baba. Nilimkuta ameketi gizani, kiganja cha mkono wa kulia kakikandamiza kifuani, na jasho linamtiririka usoni ilhali Nairobi ilikuwa na ile baridi inayotufanya tulale na sweta.

"Mama, kifua kimenibana," aliniambia. Baba huniita mama kwa kuwa nina jina la mamake.

Nilijua la kufanya, au nilidhani najua. Nilichukua koti lake lililoning'inia mlangoni, nikapapasa mfukoni na kutoa kikaratasi alichofungia zile tembe ndogo za kuweka chini ya ulimi. Nilimpa moja, tukangoja. Dakika tano zilipita na maumivu hayakupungua. Nilimwamsha mume wangu akatafute teksi.

Kulikuwa na jambo ambalo sikumweleza mume wangu usiku huo. Siku sita kabla, mimi ndiye niliyemwambia baba aache mojawapo ya dawa zake.

Mtu wa reli

Baba alikuwa mtu wa reli. Alianza kazi Nakuru mnamo 1971, siku za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akiwa msaidizi wa dereva wa gari la moshi. Mama alipofariki tulimsihi aje akae nasi mtaani Umoja, naye akakubali shingo upande mwanzoni mwa 2021.

Tunaishi ghorofa ya tatu. Haikupita muda nikaona kwamba baba akipanda ngazi hutua kila ghorofa, akijifanya anatazama watoto wakicheza chini. Nilipomuuliza alisema ni uzee. Baadaye akasema ni kiungulia, akawa anatafuna tembe za kutuliza tumbo.

Lakini kiungulia hicho kilikuwa na tabia ya ajabu. Kilikuja akipanda ngazi, au akitembea haraka asubuhi ya baridi, au akikasirishwa na habari za siasa redioni. Akiketi kidogo, kilikwisha. Hakuwahi kusema kwamba kinauma. Alisema kinabana, kama mtu aliyemkalia kifuani, na mara nyingine kinapanda hadi kwenye taya.

Hatimaye tulikwenda hospitali. Baada ya kupimwa umeme wa moyo na kutembezwa kwenye mashine, tuliambiwa ni anjaina.

Msomaji, moyo ni msuli, na kama msuli mwingine wowote unahitaji kulishwa. Damu inayojaa ndani yake haiulishi. Una mishipa yake midogo inayouzunguka kwa nje na kuupelekea damu yenye oksijeni. Mishipa hiyo ikianza kuziba kwa mafuta yaliyojijenga ukutani mwake, damu inayopita humtosha mtu aliyeketi lakini haimtoshi mtu anayepanda ngazi. Msuli ukikosa oksijeni hulia, na kilio chake ndiyo ile hali ya kubanwa.

Daktari mmoja wa London, William Heberden, aliwaelezea wenzake maradhi haya kinagaubaga mwaka wa 1768. Anjaina si mshtuko wa moyo. Kwenye anjaina msuli una njaa. Kwenye mshtuko wa moyo, mshipa umeziba na sehemu ya msuli inakufa. Hata hivyo, anayepuuza ya kwanza anaikaribisha ya pili.

Dawa aina tano, swali hata moja

Siku hiyo tulitoka na mfuko wa dawa aina tano. Foleni ilikuwa ndefu, na aliyetuhudumia dirishani aliandika juu ya kila bahasha "moja asubuhi" ama "moja jioni" kisha akamwita mwingine. Sikumlaumu. Sisi wenyewe hatukuuliza hata swali moja. Kwetu zote zilikuwa "dawa za moyo", na tulidhani zote zinafanya kazi ile ile.

Kwa mwaka mmoja mambo yalikwenda vyema. Baba alipanda ngazi bila kutua. Kisha akaanza kulalamika. Mikono ilikuwa baridi hata wakati wa jua. Alichoka mapema na kusinzia mchana. "Hizi dawa zinanizeesha," alisema.

Mimi ni mwandishi. Kusoma na kuulizauliza ndiyo kazi inayonilisha. Nilikifungua kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya pakiti, nikasoma kwamba tembe moja wapo inaweza kuleta uchovu na ubaridi wa mikono. Nikajiona nimegundua mchawi.

"Baba, hebu hii tuiache wiki moja tuone," nilimwambia.

Siku mbili za kwanza alifurahi. Alisema amerudi kuwa kijana. Siku ya nne aliniambia moyo unamwenda mbio akiwa ameketi tu. Nikamwambia ni mwili unazoea. Siku ya sita ndiyo ile ya kiti kuburutwa usiku.

Swali la daktari

Hospitalini walimwekea waya kifuani, wakachukua damu, kisha baada ya saa chache wakachukua tena. Msuli wa moyo ulikuwa haujafa, lakini daktari alisema tulifika ukingoni. Anjaina inayomjia mtu aliyepumzika au aliyelala, alituambia, si ile ya kupanda ngazi. Hiyo ni ya dharura.

Kulipokucha alikuja kando ya kitanda akiwa na faili.

"Mzee, kuna dawa yoyote uliyoacha kumeza?"

Nilitazama sakafu. Baba ndiye aliyejibu. "Nilichoka nayo moja, daktari, nikaiweka kando."

Sijui kama nitaisahau sauti yake. Alikuwa na waya kifuani na bado alikuwa ananikinga, kama alivyonikinga nilipovunja dirisha la jirani kule kwenye nyumba za reli. Nilimwambia daktari ukweli: ni mimi.

Hakunigombeza. Alivuta kiti, akageuza fomu moja upande usio na maandishi, akachora moyo. "Hakuna aliyewaeleza dawa hizi zinafanya nini?" aliuliza. Tukatikisa vichwa.

Alipoanza kueleza jinsi moyo wenye njaa unavyoweza kusaidiwa, baba alimkatiza. "Ni kama injini inayopanda mlima wa Timboroa," alisema. "Ikikosa nguvu, ama unaipunguzia mabehewa, ama unapunguza mwendo, ama unaiongezea moto."

Daktari alicheka. "Mzee, umenifunza kufundisha," alisema. Toka hapo somo lote likawa la reli.

Ya kupunguza mwendo

Dawa niliyoisimamisha ni ya kundi liitwalo vizuizi vya beta. Ya baba inaitwa atenololi. Ndugu yake mkubwa ni propranololi, iliyotengenezwa katika miaka ya 1960 na Mskoti James Black, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988.

Mtu akikimbia, akiogopa au akikasirika, mwili humwaga adrenalini. Adrenalini hufika kwenye moyo na kuingia katika vijimlango maalum, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli, na moyo huanza kwenda mbio na kupiga kwa nguvu. Kizuizi cha beta huketi kwenye kufuli hizo. Adrenalini inapofika hukuta pamekaliwa. Moyo huenda polepole, hupiga kwa upole, na kwa hivyo huhitaji oksijeni kidogo.

Isitoshe, moyo hulishwa zaidi unapopumzika baina ya pigo moja na jingine. Ukienda polepole, hupata muda mrefu zaidi wa kula.

Sasa sikiliza kosa langu. Mwili unapoona kufuli zimekaliwa miezi na miaka, huongeza kufuli nyingine. Dawa ikiondolewa ghafla, adrenalini hukuta milango mingi iko wazi kuliko mwanzo. Moyo hupiga mbio kupita ulivyokuwa kabla ya matibabu, na mishipa iliyoziba haiwezi kuulisha. Ndiyo maana dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki moja mbili au zaidi, daktari akiangalia. Ukweli ni kwamba uchovu wa baba ulikuwa na dawa yake: kupunguza kipimo. Ilitosha mimi kuuliza.

Ya kupunguza mabehewa

Tembe ya chini ya ulimi ni nitrogliserini. Ndiyo, msomaji, ni kitu kile kile kinacholipuka katika baruti ya dainamaiti. Mwitaliano Ascanio Sobrero aliitengeneza mwaka wa 1847, na Alfred Nobel akaitumia kutengeneza dainamaiti aliyoipatia hataza mwaka wa 1867. Daktari Mwingereza William Murrell aliandika mwaka wa 1879 jinsi alivyoitibia anjaina kwayo. Nobel mwenyewe alipougua moyo uzeeni, mwaka wa 1896, madaktari walimwandikia nitrogliserini! Ile ya dawa ni chembe kidogo sana, haiwezi kulipuka.

Ikiingia mwilini hutoa hewa iitwayo nitriki oksidi, inayoilegeza misuli ya kuta za mishipa. Mishipa inayorudisha damu moyoni hutanuka na kushika damu nyingi, hivyo damu inayorudi moyoni hupungua. Hayo ndiyo mabehewa yaliyokatwa. Pia mishipa inayoulisha moyo hupanuka.

Huwekwa chini ya ulimi kwa kuwa huko huingia katika damu moja kwa moja. Ukiimeza, ini huiharibu karibu yote kabla haijafika moyoni. Na mtu aitumie akiwa ameketi, kwa sababu presha hushuka na kizunguzungu kinaweza kumwangusha. Kichwa kikigonga baadaye asishtuke. Ni mishipa ya kichwani nayo imetanuka.

Mbona basi ya baba haikufanya kazi? Daktari aliomba kukiona kile kikaratasi. Tembe hizi hupoteza nguvu zikikaa kwenye hewa, joto na mwanga, na hata plastiki huinyonya dawa. Zinatakiwa zikae kwenye chupa yake ya kioo cheusi, kifuniko kimefungwa vyema. Baba alikuwa akitembea na tembe za karatasini kwa miezi mingi mfukoni mwa koti. Zilikuwa chokaa tu.

Daktari alitupa sheria moja tuliyoibandika ukutani. Kifua kikibana, keti, weka tembe chini ya ulimi. Dakika 5 zikipita na maumivu hayajapungua au yanazidi, usisubiri zaidi: piga simu upate ambulensi au gari, nenda hospitali.

Zipo pia dawa za ukoo huu za kumeza, ambazo hufanya kazi kwa saa nyingi. Hizo mwili huzizoea zikikaa kwenye damu usiku na mchana, zikakosa makali. Wafanyakazi wa viwanda vya dainamaiti walilijua jambo hili zamani. Kila Jumatatu waliumwa kichwa, katikati ya wiki wakazoea, wakipumzika Jumamosi na Jumapili wakaanza upya. Kwa sababu hiyo daktari akikwambia umeze asubuhi na alasiri pekee, usijipangie asubuhi na usiku ukidhani amekosea. Huo muda mtupu ni sehemu ya dawa.

Hapa daktari alikohoa kidogo, akaniomba nikamtafutie baba chai. Niliporudi wote wawili walikuwa wakitabasamu. Baadaye nilimuuliza daktari, akanieleza bila kificho, nami nakueleza. Mwanamume anayetumia nitrogliserini au ndugu zake asiguse kamwe tembe za kuongeza nguvu za kiume kama sildenafili. Zote mbili hupanua mishipa kwa njia moja, na zikikutana presha inaweza kuporomoka hadi mtu akafa. Wazee wetu wengi huzinunua kimyakimya na hawawezi kumwambia binti. Basi wamwambie daktari.

Ya kupanua njia

Dawa ya tatu ya baba ni amlodipini. Msuli wa ukuta wa mshipa hukaza pale kalsiamu inapoingia ndani ya chembe zake. Amlodipini hufunga vijitundu vinavyopitisha kalsiamu hiyo, mshipa ukalegea, njia ikapanuka na presha ikashuka. Moyo hausukumi tena dhidi ya mlango uliofungwa.

Baba aliwahi kuvimba vifundo vya miguu nasi tukadhani ni figo. Kumbe ni tembe hii. Si kila anayeitumia huvimba, lakini akivimba amwambie daktari badala ya kuitupa.

Walinzi wasioonekana

Mbili zilizobaki, aspirini na statini, hazitulizi maumivu ya anjaina hata kidogo. Ndizo ambazo baba alikuwa akizisahau mara kwa mara, kwa kuwa akizimeza au asizimeze hakuhisi tofauti.

Daktari aliziita walinzi. Yale mafuta yaliyojijenga ukutani mwa mshipa yanaweza kupasuka siku yoyote. Yakipasuka, chembe ndogo za damu zinazoziba vidonda hudhani mwili umekatwa, hukimbilia hapo na kushikamana. Donge la damu likiziba mshipa, huo ndio mshtuko wa moyo. Aspirini ya kipimo kidogo, kama miligramu 75 kwa siku, huzizuia chembe hizo zisishikamane kwa urahisi. Lakini inaweza kutoboa tumbo na kutoa damu, hivyo si ya kila mtu na mtu asijianzishie mwenyewe.

Statini nayo hulizuia ini kutengeneza kolesteroli nyingi. Ini likikosa huivuta ile iliyomo kwenye damu, na baada ya muda yale mafuta ukutani hutulia na kuwa magumu kupasuka. Mjapani Akira Endo ndiye aliyegundua statini ya kwanza katika miaka ya 1970, akiitafuta kwenye ukungu. Mtu akiona misuli inamuuma sana baada ya kuianza, aripoti haraka.

"Kwa hivyo hawa ni wale wa kukagua reli usiku," baba alisema. "Abiria hawawaoni, lakini wasipokuwepo gari linaanguka."

Dawa haiazimwi

Baba alitoka hospitalini baada ya siku nne. Habari zilipoenea kwenye ploti, jirani mmoja mwenye pumu alikuja kuomba aazimwe "ile tembe ya kutuliza moyo", kwa kuwa naye moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Miezi miwili nyuma ningempa bila kufikiri. Safari hii nilimkatalia kwa heshima na kumsindikiza kliniki. Kizuizi cha beta kinaweza kuibana mifereji ya hewa ya mwenye pumu akashindwa kupumua. Dawa iliyomsaidia baba ingeweza kumuua jirani.

Siku hizi baba ana daftari dogo la kurasa za mistari. Kila dawa ina ukurasa wake, na juu ameandika kwa hati yake ya kazini: "Mwendo", "Mabehewa", "Njia", "Walinzi". Mwanangu ndiye anayemkumbusha jioni, naye humtahini kabla ya kumeza.

Nimejifunza kwamba kukaa bila maumivu si kupona. Baba alikuwa bila maumivu kwa sababu dawa zilikuwa kazini, nami nikazifuta kazi kwa kuwa sikuona kazi yao. Kama una mzazi anayetumia dawa za moyo, nenda naye kliniki ijayo na uulize mambo manne kuhusu kila moja. Inafanya kazi gani? Nitajuaje ikimdhuru? Akisahau kuimeza afanyeje? Na ikimchosha, nani wa kumwuliza kabla ya kuigusa?

Kuuliza si ujinga. Mimi ninayelipwa kuuliza maswali nilishindwa kuuliza hayo manne, na nusura yanigharimu baba.

Juma lililopita nilimwomba radhi tena, kama ninavyofanya kila nikimwona akipanda ngazi. Alinitazama kwa muda. "Mama," akasema, "ulitaka nipumzike. Lakini injini haizimwi katikati ya mlima." Kisha akashika reli ya ngazi, akaendelea kupanda polepole, bila kutua.